Ulianzwa na Mjane, Ukapokewa na Wengine

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa muziki, viongozi wa kwaya na wanakwaya, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wenzangu, viongozi wa kwaya, wanakwaya, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Waandaaji wa jioni hii waliniomba nichague wimbo mmoja uliorekodiwa na watu wengi kwa miaka mingi, ambao hadi leo haujachuja, kisha nieleze mbele yenu kwa nini haujachuja. Sikuchukua muda mrefu kuchagua. Nimechagua "You'll Never Walk Alone". Ninajua kwamba wengi wenu, hasa vijana mlioketi kule nyuma, mmeufahamu kupitia mpira wa miguu, kwa sauti za mashabiki wa Liverpool, na pengine mmedhani kwamba ulitungwa kwa ajili ya uwanja. Haukutungwa kwa ajili ya uwanja. Ulitungwa kwa ajili ya jukwaa la maigizo, kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyefiwa na mumewe na mwanamke mwenzake aliyekuwa akitafuta la kumwambia. Imani yangu, ambayo ndiyo nitakayoitetea jioni hii, ni kwamba mengi yaliyoupata wimbo huu baadaye, kanisani, studioni na viwanjani, yalikuwa yamekwisha kutiwa ndani ya tukio hilo dogo la jukwaani.

Tuanze basi na jukwaa lenyewe. Mwaka 1909, mjini Budapest, mwandishi wa Hungaria aitwaye Ferenc Molnár alitoa mchezo wa kuigiza ulioitwa Liliom. Miaka mingi baadaye Wamarekani wawili, mtunzi wa muziki Richard Rodgers na mtunzi wa maneno Oscar Hammerstein, waliuchukua mchezo ule, wakauhamishia kwenye pwani ya jimbo la Maine, katika mwaka 1873, miongoni mwa wavuvi na wasichana wa kiwanda cha nguo, wakautia nyimbo na kuuita Carousel, yaani ile pembea ya mzunguko yenye farasi wa mbao ambayo watoto huipanda kwenye viwanja vya sikukuu. Ulifunguliwa Broadway, New York, tarehe 19 Aprili 1945, na ukaonyeshwa mara 890 kabla ya kufungwa.

Mhusika mkuu, Billy Bigelow, ni mpiga debe. Sisemi hivyo kwa kutafuta kufurahisha. Ndiyo kazi yake hasa, kusimama mbele ya pembea na kuwaita watu waje kupanda. Anampenda Julie Jordan, msichana wa kiwandani, wanaoana, anapoteza kazi, anakuwa mkali, na anampiga mkewe. Anapojua kwamba Julie ana mimba anashikwa na hofu ya kukosa cha kumlisha mtoto, anakubali kushiriki wizi, wizi unaharibika, na yeye, badala ya kukamatwa, anajichoma kisu. Julie anafika na kumkuta akiwa bado na pumzi kidogo. Billy anakufa mbele yake.

Hapa ndipo wimbo unapozaliwa, na ninaomba tukae hapa kwa muda, kwa sababu watu wengi wanaoupenda wimbo huu hawajawahi kusimuliwa tukio hili. Kando ya Julie yupo binamu yake, Nettie Fowler, mwanamke mtu mzima, aliyewapa maharusi wale mahali pa kuishi. Julie anamwuliza sasa afanye nini. Nettie anamjibu kwamba hana budi kuendelea kuishi, kisha anamkumbusha kitambaa cha kutarizi ambacho Julie mwenyewe alimpa zawadi, akimwuliza kama anakumbuka kimeandikwa nini. Julie anaanza kuyasema maneno ya kitambaa kile, yale ya kutembea katikati ya dhoruba bila kuinamisha kichwa, lakini hafiki mbali, kilio kinamkaba. Hapo ndipo Nettie anapoyapokea na kuyaimba mpaka mwisho.

Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa pwani hii maana ya maneno yaliyoandikwa juu ya kitambaa na kupewa mtu. Mama zetu wamesema kwa kanga mambo ambayo vinywa vyao visingeweza kuyasema. Wamekata doti, wakabaki na upande mmoja na kumpa mwenzao upande wa pili, na jina la kanga likabaki katika nyumba mbili. Mimi niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba wimbo huu, ndani ya mchezo, ulikuwa ni maneno ya kitambaa ambacho mjane mwenyewe aliwahi kumpa yule anayemfariji, niliuelewa kwa namna ambayo nadhani hata baadhi ya watazamaji wa New York hawakuuelewa. Julie aliyatoa maneno yale siku ambayo hakuwa na haja nayo. Yalihifadhiwa ukutani kwa mtu mwingine. Siku alipoyahitaji yalimrudia, na hata hapo hakuweza kuyatamka hadi mwisho, ikabidi aliyeyahifadhi ndiye amtamkie.

Sisi katika uimbaji wetu tunalo neno la jambo hilo: kupokea. Mmoja huanzisha, wengine hupokea. Huu si wimbo ambao mwimbaji mmoja hujionyesha nao, ingawa wengi wamejionyesha nao. Ni wimbo uliotungwa tangu mwanzo ukiwa na mahali pa sauti ya kwanza kukatika na sauti ya pili kuingia. Kila aliyeurekodi baada ya hapo, awe anajua au hajui, amefanya alichofanya Nettie.

Kabla ya kufika kwa hao waliourekodi, tuutazame mwaka wenyewe. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945, wiki moja kamili kabla ya mchezo kufunguliwa. Vita barani Ulaya vilikuwa bado havijaisha. Viliisha tarehe 8 Mei. Katika Bahari ya Pasifiki watu waliendelea kufa hadi Agosti. Kwa hiyo ukumbi ule uliketi watu ambao wengi wao walikuwa na mwana, mume au ndugu aliyeko vitani, na wengine walikuwa wamekwisha kupokea taarifa. Pazia lilipofunguka na mwanamke kijana akaonekana ameinama juu ya maiti ya mumewe akiuliza afanye nini sasa, swali lile halikuwa la Maine ya mwaka 1873.

Sasa nizungumze na walimu wenzangu kuhusu muziki wenyewe, na wengine mtuvumilie. Nyimbo nyingi za majukwaa ya Marekani za wakati ule zilijengwa kwa sehemu nne: sauti ya kwanza inaimbwa, inarudiwa, inakuja sehemu ya katikati iliyo tofauti, kisha ile ya kwanza inarudi kufunga. Ni umbo zuri, na linamsaidia msikilizaji kukumbuka. Wimbo huu haukujengwa hivyo. Hauna ubeti na kiitikio, na sauti yake ya mwanzo hairudi tena. Unaanza chini, karibu na usemi wa kawaida, katika eneo ambalo soprano, mwimbaji wa sauti ya juu, huona linamzika; kutoka hapo unapanda kidogo kidogo, maakordi chini yake yakihama kana kwamba mtu anatafuta pa kukanyaga, hadi pale maneno ya kuamuru kuendelea kutembea yanapokuja, na noti iliyo juu kabisa imewekwa karibu na mwisho. Anayeuanza hana njia ya kurudi nyuma. Lazima atembee mpaka mwisho.

Katika ushirikiano wao Hammerstein ndiye aliyekuwa akiandika maneno kwanza, kisha Rodgers akayatungia sauti, tofauti na jinsi Rodgers alivyozoea kufanya kazi na mtunzi wa maneno Lorenz Hart hapo awali. Ninaamini jambo hilo linasikika. Sauti hapa inayafuata maneno hatua kwa hatua. Panapotajwa giza, inabaki chini. Panapotajwa anga ya dhahabu na ndege kipozamataza anayeimba baada ya dhoruba, inafunguka.

Kwa kiongozi wa kwaya, wimbo huu ni mgumu kuliko unavyoonekana. Mara ya kwanza nilipouandika kwa solfa ubaoni, kwaya yangu iliuanza kwa nguvu, kama tulivyozoea kuanza nyimbo za sherehe, na tulipofika katikati hapakuwa na pumzi wala pa kupandia. Tukashusha ufunguo ili soprano wafike juu bila kupiga kelele, na alto wakapotelea chini. Tulichukua wiki tatu kukubali kwamba mwanzo wake lazima uimbwe kwa sauti ya mtu ambaye hana hakika kama ataweza kumaliza. Tulipokubali hilo, mengine yalijipanga yenyewe.

Maneno nayo yana siri yake, na siri hiyo ni yale ambayo hayamo. Hamna jina la mtu. Hamna jina la mahali, wala la Mungu, wala la marehemu. Haisemwi dhoruba ni ya nini, wala haielezwi ni nani atakayetembea pamoja nawe. Unaahidiwa tu kwamba hutakuwa peke yako, ukiwa na tumaini moyoni. Mkristo anapouimba anajua ni nani huyo asiyeonekana anayemsindikiza. Asiye na dini anawaona wenzake waliosimama kulia na kushoto. Mjane anamwona aliyeondoka. Nimewasikia watu wakilaumu kwamba maneno haya ni mepesi, hayasemi lolote ambalo jirani mwema asingeweza kulisema. Ni kweli, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Aliyewahi kukaa matangani anajua kwamba hotuba ndefu hazimfikii mfiwa. Kinachomfikia ni neno dogo analolijua tangu zamani, likisemwa na mtu aliyekuja kukaa naye chini kwenye mkeka.

Lazima niseme pia jambo moja lisilopendeza kuhusu mchezo wenyewe, kwa sababu tukizungumzia wimbo kwa heshima hatuna budi kuzungumzia ulikotoka kwa ukweli. Miaka 15 baada ya kifo chake Billy anaruhusiwa kurudi duniani kwa siku moja kumwona binti yake, Louise, na anapokataliwa anampiga binti huyo mkononi. Louise anamwuliza mama yake kama inawezekana mtu akupige na usisikie maumivu, na Julie anamjibu kwamba inawezekana. Sikubaliani na jibu hilo, na wengi wanaouweka mchezo huu jukwaani siku hizi wanahangaika namna ya kulionyesha. Lakini mara baada ya hapo inakuja mahafali ya shule. Daktari wa kijiji anawakumbusha wahitimu maneno yale yale ya kitambaa, nao wanaanza kuyaimba, Louise anajiunga, na Julie, ambaye miaka ile alishindwa kuyamaliza, sasa anaimba pamoja na umati. Tazameni: ndani ya mchezo huo huo wimbo umetoka kwa mwanamke mmoja, ukapita kwa wa pili, ukafika kwa kijiji kizima. Rodgers na Hammerstein waliuonyesha njia ambayo ungepita duniani.

Ulianza kurekodiwa mapema. Frank Sinatra aliutoa mwaka huo huo wa 1945, kwa ile sauti yake ya kunong'ona karibu na kipaza sauti, na ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi. Nina Simone, akiwa bado hajajulikana, aliupiga kwa piano bila kuimba neno hata moja, na hadi leo ninawapa wanafunzi wangu wa piano rekodi hiyo wakitaka kujua namna ya kuimba kwa vidole. Elvis Presley aliurekodi mwaka 1967. Kila mmoja wa hao anastahili kusikilizwa, lakini wawili wengine ndio ninaotaka kukaa nao.

Wa kwanza ni Roy Hamilton, kijana Mmarekani Mweusi aliyekulia katika uimbaji wa kanisani na aliyekuwa na sauti nzito iliyofundwa. Mwaka 1954 santuri yake ya wimbo huu ilishika nafasi ya kwanza kwa wiki 8 katika orodha ya muziki wa Wamarekani Weusi. Fikirini maana yake. Wimbo wa wahusika weupe wa pwani ya kaskazini, ulioandikwa na watu wawili wa New York kutokana na mchezo wa Mhungaria, ukapokewa na watu waliokuwa wakizuiwa kuketi sehemu za mbele za mabasi katika miji ya kusini. Hamilton hakubadilisha maneno. Aliuanza polepole mno, kama mhubiri anayesubiri waumini watulie, na alipofika kwenye kilele aliufungua kwa nguvu zote. Tangu hapo wimbo huu haujaondoka tena makanisani mwa Wamarekani Weusi. Mahalia Jackson aliuimba. Kisha, Januari 1972, katika kanisa moja la Kibaptisti mjini Los Angeles, Aretha Franklin aliurekodi mbele ya waumini, pamoja na kwaya iliyoongozwa na Kasisi James Cleveland, na rekodi hiyo imo katika albamu ya Amazing Grace. Huyo ndiye wa pili wangu. Msikilizeni jinsi anavyolivunja umbo la sauti ya Rodgers, akakaa juu ya neno moja mpaka kwaya na waumini wamwitikie, akasogea kwenye lingine. Mtu asiyejua historia atasema huo ni wimbo wa kanisani tangu kale.

Hiyo ni mikono ya Marekani. Mkono uliouleta hadi kwetu ni wa kijana wa Liverpool, Gerry Marsden, aliyezaliwa mwaka 1942 na aliyeongoza bendi ya Gerry and the Pacemakers. Mwenyewe alisimulia kwamba aliusikia akiwa mtoto, alipokwenda sinema na kukuta filamu ya Carousel ikionyeshwa. Bendi yake ilipopata umaarufu mwaka 1963 ilikuwa inajulikana kwa nyimbo za kuchangamsha, na nyimbo mbili zake za kwanza zilikuwa zimekwisha kufika nafasi ya kwanza Uingereza. Akataka wa tatu uwe huu wa polepole. Waliokuwa wakimsimamia walikuwa na wasiwasi, yeye akashikilia. Ulitoka na vinanda vya nyuzi nyuma yake, ukafika nafasi ya kwanza na kukaa hapo wiki 4, na bendi ile ikawa ya kwanza Uingereza kufikisha nafasi ya kwanza nyimbo zake tatu za mwanzo mfululizo.

Gerry aliuondolea mambo mawili: ukuu wa opera na ukuu wa mimbari. Aliuimba kama kijana wa mtaani mwenye sauti nzuri ya kawaida, katika ufunguo ambao kijana mwingine wa mtaani angeweza kuufuata. Huo ndio mchango wake, na si mdogo. Uwanjani Anfield, nyumbani kwa klabu ya Liverpool, kabla ya mechi, nyimbo kumi zilizokuwa juu wiki hiyo zilikuwa zikipigwa kwenye vipaza sauti, na watu waliosimama kwenye jukwaa liitwalo Kop walizoea kuziimba. Inasimuliwa kwamba wimbo wa Gerry ulipoteremka na kutoka katika orodha, ukaacha kupigwa, wale watu waliuimba wenyewe. Mchana ule vipaza sauti vilikatika kama sauti ya Julie, na umati ukapokea.

Baada ya hapo mnajua. Maneno yale yako juu ya lango la uwanja na kwenye nembo ya klabu. Mashabiki wa Celtic kule Glasgow wanauimba, wa Borussia Dortmund wanauimba, wa Feyenoord wanauimba. Lakini kama ungekuwa wimbo wa ushindi tu nisingeuleta mbele yenu.

Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio katika mechi ya nusu fainali ya Kombe la FA. Waliopoteza maisha kutokana na siku hiyo ni 97. Wa mwisho wao alifariki mwaka 2021 kwa majeraha aliyoishi nayo miaka yote hiyo. Siku iliyofuata msiba, katika Kanisa Kuu la Kikatoliki la Liverpool, mtoto wa kwaya aliuimba wimbo huu katika misa ya wafu. Siku nne baada ya msiba, mjini Milan, AC Milan walipokuwa wakicheza na Real Madrid, mwamuzi alisimamisha mchezo ili watu wanyamaze kuwakumbuka marehemu, na kutoka katika ukimya ule Waitaliano, ambao Liverpool si timu yao na Kiingereza si lugha yao, wakaanza kuuimba. Nimeitazama picha hiyo ya video mara nyingi na sijawahi kuitazama kwa macho makavu.

Kwa miaka mingi familia za Hillsborough ziliambiwa kwamba jamaa zao walijisababishia kifo kwa fujo zao. Hawakukubali. Tarehe 26 Aprili 2016, mjini Warrington, baraza la mahakama lilitamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Familia zile zilitoka nje ya jengo, akina mama na akina baba ambao sasa walikuwa wazee, wakashikana na kuuimba. Walikuwa wameutembea miaka 27. Mtu anayeuliza kwa nini wimbo huu hauchuji, mimi ningempeleka nje ya jengo lile.

Sisi wenyewe tumeingia katika habari hii kwa mlango wetu. Usiku wa tarehe 25 Mei 2005 nilikuwa katika kibanda umiza kimoja hapa jijini, nikiwa nimebanwa kwenye benchi na vijana ambao wengi wao niliwazidi umri kwa mbali. Liverpool walikuwa wakicheza fainali ya Ulaya na AC Milan kule Istanbul. Ilipofika saa nne na nusu usiku, wakati wa mapumziko, walikuwa nyuma kwa mabao 3 kwa bila. Baadhi ya watu waliondoka. Kisha runingani ukasikika uimbaji ule, wa watu waliokuwa wakishindwa vibaya mno. Kijana aliyekaa mbele yangu, aliyevaa jezi nyekundu iliyopauka, akaanza kuupokea kwa maneno ambayo nusu yake hayakuwa Kiingereza wala Kiswahili, na wenzake wakamfuata. Sauti, hata hivyo, waliijua yote. Walipandia pale panapotakiwa kupandiwa. Mnajua mechi ilivyoisha: 3 kwa 3, na Liverpool wakashinda kwa penalti. Lakini mimi ninayakumbuka zaidi yale mapumziko. Na tarehe 7 Mei 2019 Liverpool walipowafunga Barcelona mabao 4 kwa bila, mawili yalifungwa na Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars ya Kenya, na timu nzima ikapanga mstari mbele ya Kop na kuuimba pamoja na watu. Nilipigiwa simu na rafiki kutoka Kisumu ambaye hakusema lolote. Aliiweka tu simu karibu na redio.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa korona. Tarehe 20 Machi 2020 vituo vingi vya redio barani Ulaya viliupiga wimbo huu kwa wakati mmoja, watu wakiwa wamefungiwa majumbani. Aprili, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza, Tom Moore, aliyekuwa akizunguka bustani yake kwa kigari cha kujishikizia ili kuchangisha fedha za huduma za afya, aliurekodi pamoja na mwimbaji Michael Ball na kufika nafasi ya kwanza siku chache kabla ya kutimiza miaka 100. Yeye hakuimba sana, alisema maneno zaidi kuliko kuyaimba, na Ball ndiye aliyeyapokea. Sidhani kama waliopanga rekodi hiyo walimfikiria Julie na Nettie, lakini walifika pale pale. Gerry Marsden alifariki tarehe 3 Januari 2021.

Nimewahi kuulizwa na wanakwaya kwa nini tusiufasiri, tukauimba kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Nimejaribu mara nyingi. Kauli ya mwisho ya Kiingereza ina silabi sita. "Hutatembea peke yako" ina tisa, na hata haijafika kwenye "kamwe". Silabi hizo zikibanwa katika noti za Rodgers, mwimbaji anakosa pumzi hasa pale anapoihitaji. Nimeacha kushindana na jambo hilo. Badala yake, jioni hii tutaufanya kama ulivyofanywa mara ya kwanza. Mstari wa kwanza hautaimbwa. Utasemwa kwa Kiswahili, taratibu, na dada mmoja wa soprano, bila piano: "Upitapo katikati ya dhoruba, inua kichwa, usiogope giza." Nimemwomba asijitahidi kuumaliza vizuri. Akinyamaza, alto wataingia kwa Kiingereza kutoka pale chini, tena kwa upole, halafu tenori, halafu besi. Nanyi mlioketi, sauti mnaijua.

Kwaya, tafadhali simameni.